Usiilaze familia katika nyumba iliyofungwa mwaka mzima



Kila inapokaribia Idd, na kila zinapofungwa skuli za Oman, Imarati na Uingereza katikati ya mwaka, ndege zinazoshuka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hujaa ndugu zetu wanaorudi kututembelea. Wengi wao wana nyumba huku. Wapo walioirithi ya babu Mji Mkongwe au Lamu, na wapo waliojenga mpya Fuoni au Nyali kwa jasho la miaka mingi ughaibuni. Nyumba hiyo hukaliwa wiki tatu au nne kwa mwaka. Miezi iliyobaki hufungwa, ufunguo ukawekwa kwa shangazi au kwa jirani.

Uhusiano huu ni wa zamani. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, familia nyingi za Unguja na Pemba zilihamia huko. Wengine walikwenda Uingereza na Canada. Wajukuu wao wamezaliwa Muscat, London au Toronto, na kwao nyumba ya Unguja ni nyumba ya likizo katika nchi nyingine. Mzee anayewaleta anaiona ni kwao, hivyo hana wasiwasi nayo. Hapo ndipo anaposahau mambo mawili: kwamba nyumba iliyofungwa haikai tupu, na kwamba wajukuu hao hawana kinga ya maradhi ya huku. Haya ndiyo tutakayoyaangalia leo, Insha'Allah.

WANAOHAMIA NYUMBA IKIFUNGWA

Tuanze na maji. Tangi lililo juu ya dari linapokaa na maji miezi kadhaa, klorini yote huisha nguvu, utelezi hujenga ukutani, na matope hushuka chini. Ndani ya mabomba maji hulala yakiwa vuguvugu. Katika hali hiyo humea bakteria waitwao Legionella, wanaopenda maji ya kati ya nyuzi joto 20 na 45. Walijulikana baada ya mwaka 1976, pale watu waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, walipopatwa na homa kali ya mapafu na wengi wakafariki. Mtu hapatwi kwa kunywa maji hayo kwa kawaida, bali kwa kuvuta pumzi yenye manyunyu yake, kama yale ya bomba la mvua la kuogea. Wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari ndio walio hatarini zaidi.

Yuko na mdudu mwingine anayetuhusu kwa sababu ya udhu. Ni ameba aitwaye Naegleria fowleri, anayeishi katika maji baridi yasiyo ya chumvi yaliyopata joto na yasiyo na dawa. Akinywewa hadhuru. Akipandishwa puani anaweza kufika kwenye ubongo, na wachache mno hupona. Madaktari wa Karachi, Pakistan, wameandika habari za wagonjwa ambao hawakuogelea popote, na kilichoshukiwa ni maji ya nyumbani waliyoyapandisha puani wakati wa udhu. Ni ugonjwa wa nadra sana, na hatuutaji ili watu waogope kutia udhu. Tunautaja ili tangi lisafishwe kabla watoto hawajaanza kulitumia.

Wa pili kuhamia ni mbu. Wengi hudhani nyumba ikikauka mbu wamekwisha. Mbu wa Aedes, yule mwenye mabaka meupe anayeuma mchana na kuleta homa ya dengi, hutaga mayai yake kwenye ukingo wa chombo juu kidogo ya maji. Maji yakikauka mayai hubaki hai kwa miezi. Siku mwenye nyumba anapofika na kujaza birika la bafuni, ndoo na vyungu vya maua, mayai huanguliwa, na baada ya siku saba mpaka kumi hivi mbu wapya wanaruka ndani ya nyumba. Dengi imewahi kuripuka Mombasa mwaka 2013, na Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hivyo si ugonjwa wa mbali nasi.

Karo la choo nalo lina mbu wake, Culex, anayeimba masikioni usiku na anayeweza kueneza matende. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, watafiti walimwaga juu ya maji ya vyoo vya shimo chembe nyeupe za plastiki nyepesi, mfano wa zile zinazopakiwa na televisheni ndani ya boksi. Chembe zilitanda juu, mbu akakosa pa kutagia, na idadi yao ikashuka sana. Funzo kwetu ni kwamba karo lenye mfuniko uliopasuka, au bomba la hewa lisilo na wavu, ni kiwanda cha mbu hata kama nyumba haina mtu.

Wa tatu ni panya, popo na mende. Mkojo wa panya unaweza kuleta homa ya leptospira. Kinyesi cha popo kilichorundikana darini huota ukungu unaodhuru mapafu pale vumbi lake linapopeperushwa. Mende hupanda kutoka karoni kupitia mabomba ya sinki na ya bafuni ambayo maji yake ya kuziba yamekauka.

Wa nne ni ukungu wa kuta. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na masika ya Machi mpaka Mei huuzidisha. Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi akija akaupiga ukuta huo saruji na rangi ya mafuta, unyevu hunaswa ndani, ukuta hutoka jasho, boriti huoza pale zilipoingia ukutani, na ukungu mweusi hutanda nyuma ya kabati. Mwenye pumu akilala chumba hicho usiku mmoja tu atajua.

SIKU TATU KABLA YA KUFIKA

Chukulia familia ya watu sita inayoshuka uwanjani saa tano usiku. Watoto wamechoka, wanafikishwa nyumbani, mlango unafunguliwa, mashuka ya mwaka jana yanatolewa kabatini, watu wanaoga na kulala. Usiku huo mmoja wamevuta vumbi la panya, wamejimwagia maji ya tangi bovu, na wameumwa na mbu kwa kuwa chandarua kina matundu. Yote haya yangeepukwa kama nyumba ingefunguliwa siku tatu kabla. Ikiwa hilo haliwezekani, basi usiku wa kwanza na wa pili lalieni kwa ndugu au nyumba ya wageni, na mchana mkasafishe.

Siku ya kwanza fungueni milango na madirisha yote kwa saa moja kabla ya kuanza kazi. Palipo na kinyesi cha panya au popo msifagie pakavu. Vaeni barakoa na glavu, nyunyizeni maji yenye dawa ya klorini, subirini dakika kumi, kisha futeni kwa kitambaa na mkitupe. Mashuka, mapazia na vyandarua vifuliwe na kuanikwa juani. Chandarua chenye dawa kisomwe maelezo yake kabla ya kufuliwa, kwani huanikwa kivulini na hakitaki sabuni kali. Magodoro na mito yatolewe nje.

Siku hiyo hiyo limwageni tangi lote, lisuguliwe kwa brashi na kusuuzwa. Kisha lijazwe maji safi na kutiwa dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Dawa yenye nguvu ya asilimia 5 hutiwa lita moja kwa kila lita 1000 za maji. Yenye asilimia 3.5 hutiwa kama lita moja na nusu. Fungueni kila bomba mpaka harufu ya klorini isikike, kisha fungeni na muache saa 24. Maji haya si ya kunywa, kupikia wala kutilia udhu. Siku ya pili yamwageni yote kupitia mabombani, mjaze upya. Asiingie mtu peke yake ndani ya tangi, hasa lile la chini ya ardhi, kwani hewa yake inaweza kumuangusha. Wala dawa ya klorini isichanganywe na tindikali ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa moshi wenye sumu.

Kichwa cha bomba la mvua kifunguliwe, kisuguliwe chokaa na kuchovywa dawa. Mara ya kwanza maji yakifunguliwa, mtu afungue na kutoka nje ya bafu kwa dakika tano, dirisha likiwa wazi. Mtambo wa kuchemshia maji uwekwe kwenye nyuzi 60 na uachwe uchemke vizuri kabla ya kutumiwa. Birika, ndoo na vyungu visuguliwe ukingoni kwa brashi, kwani kumwaga maji peke yake hakuondoi mayai ya mbu.

Siku ya pili ni ya jikoni. Mpira wa gesi upakwe povu la sabuni na kuangaliwa kama unatoa viputo, maana panya hupenda kuutafuna. Ikisikika harufu ya gesi msiwashe wala kuzima taa. Fungeni mtungi, fungueni madirisha, tokeni nje. Unga, mchele, karanga na viungo vya mwaka jana vitupwe bila huruma. Nafaka iliyopata unyevu huota kuvu watoao sumukuvu, na kuipika hakuiondoi sumu hiyo. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kilo chache za mchele hazistahili kuhatarisha ini la mtoto.

Siku ya tatu ni ya kukagua: taa, nyaya, vipoza hewa na vichujio vyake, wavu wa madirisha, mifuniko ya karo na kisima. Kisima kilicho chini ya mita 30 kutoka kwenye karo msikiamini kwa kunywa. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, yafunikwe, na yatekwe kwa chombo chenye mpini. Kufunika vyombo usiku ni adabu aliyotufundisha Mtume (S.A.W), na katika nyumba yenye mende na mbu faida yake huonekana siku hiyo hiyo.

WATOTO WALIOZALIWA NJE NA MALARIA

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Baba aliyekulia Pemba au Tanga aliugua malaria mara nyingi utotoni, na mwili wake ukajenga kinga ya kiasi. Kinga hiyo hupungua akikaa miaka michache nje. Watoto wake hawakuwa nayo kabisa. Kwa hiyo maneno ya kwamba "sisi tumekulia huku, hatuhitaji vidonge" si ya kweli kwa baba, na kwa mtoto ni ya hatari. Nchini Uingereza wengi wa wanaogunduliwa na malaria kila mwaka ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao, kwa sababu hiyo hiyo ya kujiona wenyeji.

Ni kweli Zanzibar imefanikiwa sana kupunguza malaria tangu miaka ya 2000, lakini wagonjwa waliongezeka tena mwaka 2023. Isitoshe, wageni wengi hawakai Unguja tu. Huvuka kwenda Tanga, Dar es Salaam au vijijini bara, ambako malaria ni nyingi zaidi.

Muoneni daktari wiki nne mpaka sita kabla ya safari. Vipo vidonge vya kinga vya kila siku vinavyoanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kurudi, na vipo vinavyoendelea wiki nne baada ya kurudi. Daktari atachagua kwa umri, uzito, ujauzito na maradhi mengine. Msigawane vidonge vya mtu mzima kwa watoto kwa kukisia. Hapo hapo ulizeni chanjo ya homa ya matumbo na ya homa ya ini aina ya A. Usiku watoto walale ndani ya chandarua, na jioni wavae mikono mirefu na kupakwa dawa ya kufukuza mbu.

Jambo la kushikwa vizuri ni hesabu ya siku. Malaria haianzi kuonekana kabla ya kama siku saba tangu kuumwa na mbu, na mara nyingi huchelewa zaidi. Familia iliyokaa wiki mbili huenda ikaugua ikiwa imesharudi Muscat au Leicester. Daktari wa huko akiona homa, kichwa na kutapika anaweza kudhani ni mafua. Mzazi aseme mwenyewe, hata kabla ya kuulizwa: "Tumetoka Afrika Mashariki, naomba mtoto apimwe malaria leo." Aseme hivyo kwa homa yoyote inayotokea ndani ya miezi mitatu, na asiache kuitaja safari hiyo hata mwaka mzima. Malaria kali huua mtoto kwa muda wa siku moja au mbili. Kusubiri mpaka kesho kumewagharimu wengi.

MKOBA NA KARATASI ZA SAFARI

Dawa za kisukari, presha na pumu zichukuliwe za kutosha safari nzima na wiki moja ya ziada, zikiwa ndani ya maboksi yake pamoja na barua ya daktari. Ziwekwe mkoba wa mkononi, maana insulini inaweza kuganda ikiwekwa kwenye mizigo ya chini ya ndege. Dawa zilizoachwa kabatini mwaka jana zisitumiwe; chumba kilichofungwa hupata joto linalopita nyuzi 30, na dawa nyingi huharibika. Wanaorudi Ghuba waangalie pia dawa za maumivu walizonunua huku, kwa kuwa tramadol na zenye kodeini zina masharti makali huko.

Kuhusu homa ya manjano, Tanzania hudai cheti kwa msafiri anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi hiyo. Anayetoka Muscat moja kwa moja hahusiki. Anayesubiri ndege usiku kucha Nairobi au Addis Ababa anaweza kuhusika. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku kumi, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, hakirudiwi kila miaka kumi kama zamani.

Aidha, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wasio raia wa Tanzania kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima. Mjukuu mwenye pasipoti ya Oman au Uingereza ni mgeni kwa sheria hiyo, hata kama nyumba ni ya babu yake. Masharti hubadilika, hivyo ulizeni kabla ya kukata tiketi. Na mizigo isifungwe kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar ilitangulia.

MWENYE UFUNGUO NI NANI?

Nyumba haijitunzi. Mara nyingi kazi huachiwa shangazi au mpwa "kwa udugu", bila malipo na bila maelezo. Mwenye nyumba akifika na kukuta dari limeoza hugomba, na udugu huharibika. Lakini hakuna aliyemwambia shangazi afanye nini, wala aliyempa nauli ya kwenda kuangalia. Mpangieni malipo yanayojulikana kila mwezi, hata kama ni ndugu wa damu, na mumuandikie kazi zake.

Kazi zenyewe si nyingi. Kila wiki: afungue madirisha saa moja, afungue kila bomba kwa dakika chache, avute maji ya choo, amwage maji kwenye matundu ya sakafu ya bafu. Kila mwezi: azunguke uwani kuondoa makopo, vifuu na magurudumu mabovu yanayoshika maji, aangalie dari na panya, ahakikishe umeme wa LUKU au TUKUZA haujaisha. Kabla ya masika: asafishe mifereji ya bati na kuziba panapovuja. Akipiga picha na kutuma kwa simu, mwenye nyumba ataona mwenyewe.

Nyumba za urithi ndizo zenye shida zaidi. Warithi ni kumi na wawili, wako nchi tano, na kila mmoja humngoja mwenziwe atoe fedha za paa. Maji ya mvua hayangoji. Kama mirathi haijagawanywa, gawanyeni. Kama mmekubaliana iwe ya wote, wekeni mfuko mmoja na mtu mmoja wa kuusimamia, na hesabu iandikwe. Na msimruhusu fundi asiyezijua nyumba za mawe kukata boriti au kuvunja ukuta. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu la Mji Mkongwe, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Nyumba za kale zinataka mtu anayezijua.

SIKU YA KUFUNGA

Siku ya kuondoka limwageni tangi na liachwe kavu na kufunikwa, ila kama mwangalizi atafungua mabomba kila wiki. Birika na ndoo zikaushwe na kupinduliwa. Friji izimwe, ikaushwe, mlango uachwe wazi kidogo ili isiote ukungu. Mtungi wa gesi ufungwe. Chakula chote kigawiwe majirani kingali kizuri. Kwenye matundu ya sinki na sakafu miminieni maji, kisha mafuta ya kupikia kijiko kimoja juu yake. Mafuta huzuia maji yasikauke upesi, na mende hawapandi. Kabati ziachwe wazi, zisogezwe mbali na ukuta. Orodha ya kazi ibandikwe nyuma ya mlango.

Kwa wale mliobaki huku na ufunguo mkononi, msione haya kumpigia simu ndugu yenu leo na kumuuliza anafika lini. Mkikubaliana tarehe, fungueni nyumba siku tatu kabla yake. Na muulizeni swali moja zaidi: watoto wameshaanza vidonge?

Wabillahi Tawfiiq.